Wiki ya Mstahiki na Daftari la Mwananchi

Mali bila daftari, walinena wahenga wetu, hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa madarasani mwalimu anapowafunza wanafunzi kuweka hesabu za duka au za chama cha ushirika. Leo, msomaji mpenzi, naomba tuisogeze mbele kidogo. Mali ya umma si fedha na majengo pekee. Ahadi aliyoitoa kiongozi mbele ya kadamnasi nayo ni mali, maadamu wahenga hao hao walikwisha kutuambia kwamba ahadi ni deni. Je, ni ahadi ngapi tulizozipigia makofi, kisha zikapotea bila habari kwa kuwa hapana aliyeziandika?

Swali hili hunijia kila nitafakaripo wiki ya kiongozi katika sehemu zetu za kusini mwa pwani, tangu Kwale hadi Diani na Msambweni. Ni wiki iliyojaa ziara, mikutano, makofi na mavumbi ya magari. Lakini tukiuliza mwishoni mwa wiki hiyo ni lipi lililobadilika katika maisha ya mvuvi, muuza samli au mwanafunzi, jibu huwa gumu kupatikana.

Wasomaji waliokula chumvi watamkumbuka Mstahiki Meya, na joho lake na mkufu mzito shingoni. Cheo hicho kilikuwa cha miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa, na aliyekishika alichaguliwa na madiwani wenzake, wala hakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Huku Kwale, baraza la mji na baraza la wilaya yaliongozwa na wenyeviti. Hata hivyo, awe meya au mwenyekiti, mkono wa kiongozi wa mitaa ulikuwa mfupi. Sheria iliyopitishwa mwaka 1969 iliyavua mabaraza ya wilaya, kuanzia Januari 1970, majukumu ya elimu ya msingi, afya na barabara, nayo Serikali Kuu ikayatwaa. Baraza likabaki zaidi na mambo ya masoko, leseni na usafi, na juu yake akaketi Waziri wa Serikali za Mitaa mwenye kauli ya mwisho. Mwananchi wa Msambweni aliyelalamikia zahanati alielekezwa Nairobi, na Nairobi ilikuwa mbali.

Katiba ambayo Wakenya waliiidhinisha Agosti 2010 iliigeuza hali hiyo. Baada ya uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013, mabaraza ya zamani pamoja na mameya wake yalitoweka, na serikali za kaunti zikashika hatamu. Salim Mvurya aliiongoza Kwale kwa vipindi viwili akiwa gavana wa kwanza, na mwaka 2022 akafuatwa na Fatuma Achani, aliyekuwa naibu wake na ambaye ndiye mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo katika kaunti hiyo. Miji ya Kwale na Diani nayo ikawa manispaa zenye bodi na meneja, kwa mujibu wa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011. Zahanati, barabara za mashambani, maji na shule za chekechea sasa ni kazi za serikali iliyo karibu, ambayo mwananchi anaweza kuifikia kwa nauli ya matatu.

Wiki nitakayoieleza hapa si ya mtu fulani, wala sikusudii kumsimanga yeyote. Ni wiki ya kiti chenyewe, na yeyote aketiye juu yake, awe gavana, mwakilishi wadi, mwenyekiti wa bodi ya manispaa au msimamizi wa wadi, ataitambua.

Jumatatu huanzia Kwale mjini, kule juu kwenye Milima ya Shimba, ambako ratiba ya wiki hupangwa. Hapa naomba walimu wa Hisabati wanisaidie. Kaunti ya Kwale ina wadi 20. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 866,820. Gawanya, nawe utapata kwamba kila wadi ina takriban watu 43,000. Iwapo kiongozi atazuru wadi moja kila siku ya kazi, itamchukua majuma manne kuzimaliza zote. Na iwapo katika kila wadi atakaa saa mbili, asiseme lolote, kazi yake iwe kusikiliza tu, na kila mwananchi apewe dakika moja, basi watakaosikika ni watu 120. Zaidi ya 42,000 wangerudi majumbani mwao na maneno yao vifuani. Nasi sote twajua kwamba katika saa mbili hizo, saa moja na nusu ni ya hotuba na utambulisho wa wageni.

Hesabu hii yatufunza jambo la kimsingi. Ziara peke yake, hata iwe ya kiongozi mwadilifu kiasi gani, haiwezi kuwa ndiyo ushirikishaji wa umma. Waliotunga Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 walilifahamu hilo. Ndiyo maana sheria hiyo inataja mikutano ya hadhara, vikao vya kuandaa na kuthibitisha bajeti, mbao za matangazo na njia za mawasiliano, kisha inampa mwananchi haki ya kulipelekea bunge la kaunti ombi lake kwa maandishi. Inataja pia wasimamizi wa vijiji na mabaraza ya vijiji. Kwa ufupi, sheria ilitaka sauti ya mwananchi iwe na njia ya kupita hata siku ambayo gari la mheshimiwa halikuja.

Jumanne msafara huteremka Ukunda na Diani. Asubuhi mheshimiwa hukutana na wenye mahoteli katika ukumbi wenye baridi ya mashine. Alasiri huzungumza na wachuuzi wa soko, waendeshaji bodaboda na vijana wanaouza vinyago ufuoni. Diani inajulikana duniani kwa mchanga wake mweupe, lakini mwenyeji wa Diani ana malalamiko ya siku nyingi kwamba vijia vya kuteremkia baharini vimezibwa kwa kuta na nyua, hata mvuvi akalazimika kuzunguka masafa marefu kuufikia mtumbwi wake. Jambo kama hili haliishi kwa hotuba. Linahitaji ramani ibandikwe ukutani, kila kijia kitajwe, na afisa mwenye dhamana aeleze ni lini kitafunguliwa.

Nakumbuka siku moja nilipohudhuria kikao cha bajeti katika kijiji fulani cha pwani, ambacho nitaacha kukitaja. Mlangoni tuligawiwa kitabu kinene cha Kiingereza kilichojaa safu za tarakimu, tukaambiwa tutoe maoni yetu kabla ya adhuhuri. Bibi mmoja aliyeketi kando yangu alikipindua kitabu hicho mara mbili, akakipangusa vumbi kwa ukingo wa leso yake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kitabu hiki chasemaje kuhusu kisima chetu?" Nilikipekua kurasa kwa kurasa. Nilipokipata kisima chake, kilikuwa kimefichwa katika mstari mmoja pamoja na visima vya sehemu nyingine, bila ya jina la kijiji. Kabla sijamweleza, karatasi ya mahudhurio ilikwisha kupita, naye akawa ametia dole gumba. Katika kumbukumbu za mkutano ule, bibi yule alishirikishwa.

Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Basi ni kwa nini waraka unaohusu maji ya mama asiyejua Kiingereza uandikwe kwa Kiingereza pekee? Kufasiri muhtasari wa kurasa nne hakumalizi hazina ya kaunti. Na pale ambapo hata Kiswahili hakitoshi, wapo vijana wetu wasomi wanaojua Kidigo na Kiduruma, ambao wangefurahi kuwasomea wazee wao.

Isidhaniwe kwamba haya ni manung'uniko ya mwandishi tu. Aprili 2014, Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga alieleza kwamba bunge la kaunti lina wajibu wa kuwafikia watu mahali wanapokusanyika: makanisani, misikitini, katika mahekalu, kwenye mabaraza, na kupitia redio za taifa na za lugha za wenyeji. Kaunti nzima ilijikuta sheria yake ya kodi imeanguka kwa sababu ya kuudharau mkutano wa wananchi. Hilo ni onyo kwa kaunti zote 47.

Jumatano tufike Gazi. Hapa ningeomba kila kiongozi azime gari lake, aketi, ajifunze. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakiendesha mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalinda takriban hektari 117 za mikoko. Kwa kuwa mikoko hufyonza hewa ya kaboni na kuihifadhi katika matope yake, wanakijiji hulipwa na wanunuzi wa nchi za nje wanaotaka kufidia uchafu wanaoutoa hewani. Mwaka 2017 mradi huo ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta inayotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi leo ni namna fedha hizo zinavyotumiwa. Wanakijiji hukutana barazani, wakajadili, wakaafikiana lipi litangulie: mabomba ya maji, vitabu vya shule, au ukarabati wa madarasa. Kamati iliyochaguliwa hutekeleza, kisha hurudi kwa wenyewe kutoa hesabu. Anayekunywa maji ya bomba lile anafahamu yalikotoka na ni nani aliyeamua yawepo. Mwaka 2019 majirani zao wa Vanga walianzisha mradi wa namna hiyo. Ikiwa wavuvi na wakulima wanaweza kufanya hivyo kwa fedha za mikoko, ni kipi kinachoizuia wadi kufanya hivyo kwa fedha za kodi?

Alhamisi ni zamu ya Msambweni. Kiongozi atazuru hospitali ya rufaa, atawapa pole wagonjwa, atapigwa picha. Lakini Msambweni ina somo la aina nyingine, la watu ambao kwa miaka mingi hawakuweza hata kuitwa wananchi. Nawakusudia Wamakonde. Wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji zama za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Watoto na wajukuu wao walizaliwa papa hapa, wakasema lugha zetu na kuzika wafu wao katika ardhi hii, lakini bila ya kitambulisho. Asiye na kitambulisho hapigi kura, hafungui akaunti ya benki, na akiinua mkono barazani huambiwa aketi.

Oktoba 2016 walikataa kungoja ziara nyingine. Walishika njia kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi, wanawake kwa wanaume, hadi wakapokewa na Rais Uhuru Kenyatta katika Ikulu, naye akaagiza wasajiliwe. Mapema mwaka 2017 walipewa vitambulisho vyao, wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 Wapemba wa pwani yetu nao, ambao wengi wao ni wavuvi, walitambuliwa rasmi na serikali ya Rais William Ruto. Tukio la Wamakonde liligeuza desturi ya ziara kichwa chini miguu juu: safari hii mwananchi ndiye aliyemzuru kiongozi, na hakurudi mpaka alipopata jibu lenye tarehe.

Ijumaa mheshimiwa huswali katika msikiti wa jamii, na hilo ni jema. Baada ya swala huzungukwa na watu wenye vikaratasi. Huyu ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo, yule ana dawa za kununua, wa tatu anatafuta kazi ya ulinzi. Jumamosi ni harambee, matanga na harusi, ambako mkono mtupu haulambwi. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilijaribu kuweka mipaka katika mambo ya uchangishaji, lakini mazoea yana taabu, na mwenye kuyaendeleza mazoea hayo ni sisi sote. Twampima kiongozi kwa noti anazozitoa mfukoni, kisha twashangaa anapotafuta mahali pa kuzirejesha.

Tatizo la vikaratasi vya Ijumaa ni kwamba hugeuza haki kuwa fadhila. Karo ya mtoto wa maskini ina fungu lake katika bajeti. Kwale yenyewe ina mpango wa ufadhili wa masomo uitwao Elimu ni Sasa, ambao umewafikisha vijana wengi katika shule na vyuo ambavyo wazazi wao wasingeweza kuvilipia. Kinachotakiwa ni kila mzazi afahamu masharti ya kuomba, siku ya mwisho ya kuomba, na sababu iwapo mtoto wake amekosa. Vivyo hivyo mali ya ardhini. Mchanga wenye madini ya titani ulichimbwa Kwale tangu mwaka 2013 hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa Serikali ya Taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali palipochimbwa. Asilimia 10 hiyo haikuwa zawadi ya mtu. Hata hivyo miaka ilipita watu wakiiulizia, na mtu asiyeijua sheria huweza kumpigia magoti kiongozi akiomba kilicho chake.

Jumapili, siku ambayo wengine huenda kanisani na wengine hupumzika, ndiyo ingepaswa kuwa siku ya hesabu. Kiongozi ajiulize: nilikwenda mahali pangapi? La, hilo dereva wake analijua. Ajiulize: niliulizwa maswali mangapi, na ni mangapi niliyoyarudishia majibu? Mwenda tezi na omo, wasema mabaharia wetu, marejeo ni ngamani. Atazunguka wiki nzima kati ya Kwale na Lunga Lunga, lakini mwisho wa safari atarudi kwa mpiga kura.

Nisimlaumu kiongozi peke yake. Kiongozi anayesahau hutokana na hadhira isiyoandika. Na hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi, kwani shule ndiyo nyumba ya daftari. Mtaala wa umilisi umeuweka uraia miongoni mwa stadi za kimsingi ambazo kila mtoto anapaswa kuzipata. Basi uraia usifundishwe kwa kukaririsha majina ya vyeo tu.

Napendekeza jambo dogo lisilo na gharama. Kila shule ya upili, tangu Kinango hadi Msambweni, ifungue daftari moja la ahadi. Daftari hilo liwe na safu sita: tarehe, mahali, ahadi iliyotolewa, cheo cha aliyeahidi, siku iliyotajwa ya kuitimiza, na jibu lililopatikana. Wanafunzi wahudhurie baraza pamoja na mwalimu wao, wasikilize, waandike maneno kama yalivyosemwa, bila kuongeza chumvi. Baada ya miezi sita wamwandikie afisa anayehusika barua ya heshima, kwa Kiswahili sanifu, wakiuliza jambo hilo limefikia wapi. Mwalimu wa Kiswahili atakuwa amefundisha uandishi wa barua rasmi. Wa Hisabati atakuwa amefundisha asilimia. Na mwanafunzi atakuwa amejifunza kwamba kuuliza si utovu wa adabu.

Yapo mambo mawili ya kutahadhari. La kwanza, daftari lisiwe fimbo ya chama chochote cha siasa. Ahadi ya mwenye mamlaka na ya mpinzani wake ziandikwe kwa wino mmoja. La pili, ahadi iliyotimizwa iandikwe pia, tena kwa herufi kubwa, maana kiongozi anayetenda wema akanyimwa shukrani huchoka. Adabu ya pwani inatutaka tumpokee mgeni kwa madafu, nasi tutaendelea kumpokea. Akishakunywa, na tumfungulie daftari tumwonyeshe mahali alipokomea safari iliyopita.

Yule bibi wa leso sikumwona tena. Lakini kila nisikiapo king'ora cha msafara nalikumbuka swali lake kuhusu kisima, ambalo siku ile sikuweza kulijibu. Laiti kungekuwapo mwanafunzi mmoja kando yetu mwenye kalamu na karatasi, akaliandika swali lile na kulifuatilia hadi ofisini, yamkini bibi angelipata jibu lake kabla ya kiangazi.